Kedi Aliyeteuliwa na Ukoo

Kama kuna kitu kilichomchosha Philemoni katika miaka yake yote ya gofu, si jua, si mvua za masika, wala si wale wanachama wa klabu wanaolipia mafunzo halafu hawataki kusikia wanachofundishwa. Ni watu wa kwao. Kila alipopanda kijijini kwao Poli jioni, begi la fimbo mgongoni na kofia kichwani, lazima akutane na mtu wa kumuuliza, "Pro, leo tena umecheza?" Akijibu kwamba amecheza, anaonekana mtu mzima asiye na kazi. Akijibu kwamba hakucheza, alikuwa anafundisha, anaulizwa kuna nini cha kufundisha kwenye kupiga kampira kadogo kamekaa chini tu hakakimbii.

Alikwisha kuacha kujieleza. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kwenye klabu ile ile iliyoko bondeni, chini ya mashamba ya kahawa, mahali ambapo asubuhi Mlima Meru unaonekana wote na saa nne umeshajifunika. Alianzia kuokota mipira iliyopotelea kwenye mibuni. Mzungu mmoja mzee akampa fimbo iliyopinda, naye akaitumia kufanyia mazoezi uani mpaka akavunja mtungi wa mama yake, na kipigo alichopata siku hiyo ndicho kilikuwa malipo yake ya kwanza katika mchezo huo. Baadaye akawa mchezaji wa kulipwa mwenye vyeti, akacheza Nairobi, akacheza Kampala, akawekwa kwenye magazeti. Mara kadhaa aliitwa kufundisha kwingine, kwenye viwanja vikubwa zaidi. Mara zote alikataa.

Alikataa kwa sababu yeye ndiye kitinda mimba. Kwa desturi ya kwao, mtoto wa mwisho wa kiume habanduki kwenye boma la baba yake. Kaka zake watapewa vipande vya shamba, watajenga, watahamia mjini wakipenda. Yeye anabaki palepale, mlango wake ukitazamana na mlango wa wazazi, awatunze mpaka mwisho. Na Philemoni, tusimsingizie, hakuona kama ni mzigo. Alikamua ng'ombe alfajiri kabla ya kwenda kazini. Alimpeleka mama yake kliniki ya presha, akakaa naye kwenye benchi hata kama kulikuwa na mwanachama anamsubiri. Alimshusha binti yake Blessing shuleni, akamnunulia mkewe Eunike vitambaa vya kushonea alivyoagiza, na mara nyingi akakosea rangi. Alipenda nyumba yake. Kilichomkera ni kwamba nyumba yake haikujua kumwacha apumue.

Mkubwa wa kumkera alikuwa baba yake, Mzee Abdiel. Mzee alikuwa amepita sabini siku nyingi lakini bado anapanda migomba, anapalilia kahawa, na kila siku, iwe mvua iwe jua, anakata majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu, wa kufugwa zizini, lakini ungedhani anafugia wilaya nzima. Mzee Abdiel hakuwa na ugomvi na gofu kama gofu. Ugomvi wake ulikuwa na majani.

"Shamba lote lile," alikuwa akisema, "majani mpaka yanang'aa, na hakuna hata ndama mmoja. Mnayakata halafu mnayatupa. Hivi ninyi huko mna dini kweli?"

Philemoni alijaribu kumweleza kwamba majani yale yanapigwa dawa. Mzee akamtazama kwa huruma. "Kwa hiyo kumbe mnacheza juu ya sumu," akasema, na habari hiyo akaitangaza mtaa mzima.

Hayo Philemoni angeyavumilia mpaka kufa. Lakini mwaka huo klabu ilipata kepteni mpya, mkandarasi mmoja wa Kichaga aitwaye Hans, mtu wa mipango mingi, asiyeweza kuona kitu kimetulia bila kukitikisa. Hans alitangaza kwamba klabu haihitaji kuwa na makocha wawili. Kocha wa pili alikuwa Godbless, kijana ambaye Philemoni mwenyewe alimshikisha fimbo kwa mara ya kwanza, na ambaye alikuwa amerudi kutoka mafunzoni Afrika Kusini na miwani ya jua isiyoshuka usoni. Wanachama walikuwa wamegawanyika: wengine Philemoni, wengine Godbless. Hans akaona asiwe yeye wa kulaumiwa. Wacheze, akasema. Ijumaa raundi moja, Jumamosi raundi moja, atakayemaliza mbele abaki na kazi. Atakayeshindwa asihofu, kuna uwanja mpya unajengwa pwani, kusini mwa Dar es Salaam, wanatafuta kocha na ameshaongea nao.

Pwani! Kwa Godbless, asiye na mke wala ng'ombe, pwani ilikuwa ni kubadilisha hewa. Kwa Philemoni ilikuwa ni kuwaacha wazee wake, mke na mtoto, arudi Poli mara moja moja kama mgeni, aanze kuulizwa atakunywa chai au soda.

Ijumaa wakatoka sare. Jioni ile Philemoni akafanya kosa ambalo halina mtu mwingine wa kulaumiwa: alimwambia Eunike. Eunike hakukaa nalo hata dakika tano. Akavuka ua akamwambia mama mkwe, mama mkwe akapiga simu, na kabla Philemoni hajamaliza kuoga, kaka yake Allen alikuwa ameshatoka Daraja Mbili anakouza vipuri vya magari, dada yake Agnela ameshafika na mtandio wake, na viti vimepangwa sebuleni kwa mzee. Kilikuwa kikao cha ukoo.

Philemoni alisimama mlangoni na taulo shingoni asiamini macho yake. Kikao kilifunguliwa kwa sala. Allen akawa mwenyekiti, kama kawaida, kwa kuwa ndiye aliyeongoza harusi zote na misiba yote, na ana sauti.

"Ajenda ni moja tu," akasema Allen. "Kazi ya mdogo wetu. Swali langu la kwanza: huyu anayekubebea begi ni nani?"

"Parsimei," akajibu Philemoni. "Kaka, si unamjua Parsimei? Ni kedi wangu miaka yote."

"Anakaa wapi?"

"Olasiti."

"Na huyo Godbless mama yake mdogo anakaa wapi?"

Philemoni hakujua mama mdogo wa Godbless anakaa wapi. Agnela alijua. Alikuwa anakaa Olasiti. Sebule ikaguna kwa pamoja.

"Parsimei anakijua kila kichaka pale uwanjani," Philemoni akajitetea. "Ananiambia upepo. Ananiambia umbali. Hii si harusi, kaka, kwamba tutafute mtu wa kushika kapu la zawadi."

"Hatumsemi kwa ubaya," Allen akasema kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi. "Lakini jambo la familia linabebwa na familia. Kesho begi libebwe na damu."

Ndipo Mzee Abdiel, aliyekuwa pembeni na kikombe chake, alipoinua mkono kama mtoto wa shule. "Nitabeba mimi."

"Baba, lile begi ni zito."

"Nimebeba magunia ya kahawa kabla hujazaliwa. Na ulipozaliwa nikakubeba na wewe. Au ulifikiri ulijibeba?"

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti. Hakutokea. Kikao kikafungwa kwa sala, na katika sala hiyo Agnela alimwomba Mungu aulinde mpira wa Philemoni na mabaya yote yarukayo mchana. Philemoni alilala akitazama ukuta. Mtu anaweza kubishana na ukoo. Baba yake, akishasema, habishiwi.

Asubuhi Mzee Abdiel alitokeza amevaa koti la ibada, tai, na mabuti ya shambani. Mama alikuwa amefunga loshoro, mahindi na maziwa mgando, kwenye chupa ya chai ile kubwa. Parsimei alipowaona wakishuka kwenye gari alicheka mpaka akashika magoti, kisha akamwamkia mzee kwa heshima zote na kumkabidhi begi. Philemoni alimwomba Hans amkatalie. Aliomba kwa kweli, pembeni, kwa sauti ya chini. Hans akalipenda wazo lile kupita kiasi.

"Kanuni haikatazi, Pro. Tena itapendeza, tutapiga picha," akasema. "Mweleze tu mzee kwamba kedi akifanya jambo uwanjani, limehesabika umelifanya wewe."

Philemoni akamweleza. Mzee akajibu kwamba hilo halihitaji kuelezwa, ndivyo ilivyo kwa baba na mwana siku zote.

Raundi ile! Mzee Abdiel alikataa kitoroli, akaliweka begi begani kama gogo, fimbo zikigongana kila hatua. Aliongea Godbless akiwa anapiga. Aliongea Philemoni akiwa anapiga. Mpira ulipokaa karibu na shimo alivua kofia akaomba kwa sauti, na alipomaliza akasema amina kwa namna ambayo watazamaji waliona aibu kutoitikia. Akiombwa fimbo namba saba anatoa yoyote iliyo karibu na mkono, na akirudishiwa anauliza hii ina kasoro gani. Kila walipopita kando ya majani marefu, yale yanayoachwa yakue pembezoni ili kumwadhibu anayepiga vibaya, alisimama akayapapasa. "Haya hayapigwi dawa?" akauliza. Philemoni, akiwa ameshapoteza uvumilivu, akajibu bila kufikiri, "Hapana baba, hayo hayapigwi." Mzee akatikisa kichwa taratibu.

Katikati ya raundi wakapumzika. Mzee akafungua loshoro, akamwita na Godbless.

"Shikamoo babu," akasema Godbless, akavua miwani kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Marahaba mjukuu wangu. Kula. Wewe ni wa nani?"

Ikabainika kwamba babu yake Godbless na Mzee Abdiel walikuwa pamoja kwenye chama cha ushirika cha kahawa, na kwamba babu huyo alikuwa mtu mwema kweli. Wakaongea mpaka loshoro ikaisha. "Kijana mzuri sana," mzee akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "ana adabu." Philemoni alikaa juu ya nyasi akijiuliza kama huyu alitumwa na ukoo au na wapinzani.

Lakini ajabu ni hii: hasira ilimfaa. Alikuwa amekereka mno hata hakubakiwa na nafasi ya kuogopa. Alipiga mipira ambayo hakuwahi kuipiga tangu ujana, na walipofika shimo la kumi na saba kati ya kumi na nane alikuwa mbele ya Godbless, amepiga mkwaju mmoja pungufu.

Shimo la kumi na saba liko mbali na watu, kando ya mto. Godbless alipiga mpira ukaingia kwenye miti ya upande wa kulia. Yeye, Hans na Parsimei na watazamaji wachache wakaenda kuutafuta huko. Philemoni alipiga ukaenda kushoto, ukazama kwenye majani marefu. Aliuona juu kidogo tu, mgongo mweupe kati ya majani. Alijua hapo ataupiga kwa shida, lakini atautoa. Akapanda kilimani kutazama bendera iko upande gani, akapima upepo kwa kiganja, akachagua fimbo akilini, akarudi.

Mpira ulikuwa umekaa peupe kama yai juu ya meza. Majani yote kuuzunguka yalikuwa yamekatwa mpaka chini, kwa ufundi, sawasawa. Pembeni kulikuwa na mzigo umeshafungwa kwa kamba ya mgomba, na juu ya mzigo amekaa Mzee Abdiel na mundu mkononi, jasho likimtoka, anatabasamu. Mundu wenyewe alikuwa ameutoa kwenye begi. Umetembea humo tangu asubuhi, katikati ya fimbo kumi na nne.

"Nimekusafishia," akasema. "Ulikuwa hauonekani kabisa. Na ng'ombe naye amepata."

Philemoni alifungua mdomo. Maneno yaliyokuja yalikuwa mengi na hakuna hata moja linaloweza kuambiwa baba. Aliwachukia walioandika zile kanuni, watu ambao bila shaka hawakuwahi kufuga ng'ombe. Alimchukia Allen na uenyekiti wake. Alijichukia yeye kwa lile jibu la kijinga kuhusu dawa. Kukata majani yaliyouzunguka mpira ni mikwaju miwili ya adhabu. Majani yakishakatwa hayarudishiki, na aliyekata ni kedi, na kedi ni yeye.

Akatazama upande wa miti. Hakuna aliyekuwa anaangalia. Angepiga tu. Nani angejua? Mtoto gani kati ya wale wote aliowafundisha kanuni hii, mwaka baada ya mwaka, kwa ukali mpaka wengine wakalia, angejua?

"Nimekosea?" mzee akauliza. Tabasamu lilikuwa limeanza kupungua.

"Hapana, baba," akasema Philemoni. "Hujakosea. Tangulia na begi, nitakukuta pale mbele. Niachie hii fimbo."

Mzee alipokuwa ameshatangulia, begi bega moja na majani bega jingine, Philemoni akamwita Hans akamwonyesha. Hans akatazama duara la majani, akatazama mgongo wa mzee unavyokwenda, akavuta pumzi.

"Pro, yule ni mzee wako tu. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Kwani lazima niwe nimeona?"

"Amebeba begi, ni kedi. Si wewe uliyeniambia asubuhi?" Philemoni akamkatisha kwa ukali. "Andika mikwaju miwili. Ila asiambiwe. Yeyote atakayemwambia baba yangu, tutakosana vibaya sana."

Wakaandika. Wakatoka shimo lile Godbless akiwa mbele kwa mmoja. Kwenye shimo la mwisho ukoo mzima ulikuwa umeshajipanga kando ya kamba, Eunike na Blessing mbele, Allen na suti. Godbless alimaliza vizuri. Philemoni alibakiwa na mpira mfupi, wa kusawazisha, wa umbali ambao kila siku huwatania wanafunzi wake wakiukosa. Mzee alikuwa ameshavua kofia. Philemoni aliinama, akaona duara la majani yaliyokatwa badala ya shimo, akapiga. Mpira ukachungulia shimo, ukapita.

Godbless alimfuata, macho mekundu. "Kocha, kwa yale majani mimi ningenyamaza," akamnong'oneza. Philemoni akamwambia aache ujinga, akampa mkono.

Nyumbani kikao kilikaa tena, maana kilichofunguliwa lazima kifungwe. Allen akataka maelezo. Ilikuwaje mpira wa karibu vile ukakosa? Agnela akasema wote waliona kwa macho yao. Philemoni akasema ndiyo, alikosa, mkono ulitetemeka, ni makosa yake. Wakamsema. Walimsema kama watu wanavyomsema mtoto aliyevunja mtungi, na yeye akakaa na kichwa chini kama siku ile ya mtungi. Aliyemtetea alikuwa mzee.

"Muacheni," akasema Mzee Abdiel. "Amepiga vizuri. Ilifika mahali mpira ukazama kwenye majani kabisa, nikamsafishia kwa mundu, ukawa peupe. Mimi upande wangu nilimaliza. Pale mwisho ni bahati mbaya tu."

Eunike, aliyekuwa anagawa chai, alisimama na birika mkononi. Miaka mingi ya kusikiliza mumewe akilalamika kuhusu kanuni za gofu ilikuwa imemwachia kitu. Akamtazama Philemoni. Philemoni akatikisa kichwa kidogo tu, mara moja. Eunike akamalizia kumimina chai, nyingine ikamwagika kwenye sahani.

Habari ile mzee aliisimulia kila Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, akionyesha kwa mkono jinsi majani yalivyokuwa marefu. Kila Jumapili yalizidi kurefuka. Philemoni alisimama pembeni na Biblia kwapani akisubiri iishe. Ilimchoma kila mara, na kila mara alipoulizwa na wazee kama ni kweli alisema ni kweli.

Siku ya kuondoka kwenda pwani alikamua ng'ombe mwenyewe. Blessing hakutaka kutoka chumbani. Mama alifunga ndizi zisizobebeka. Gari likiwa limeshawashwa, mzee akaja kutoka nyuma ya zizi, ameshika kitu alichokiviringisha kwenye kipande cha gunia. Ulikuwa mundu, umenolewa upya, mpini umepakwa mafuta.

"Weka kwenye lile begi lako," akasema. "Huko pwani majani yatakuwa marefu, na mimi sitakuwepo wa kukusafishia."

Philemoni alitaka kupiga kelele mpaka zisikike kileleni mwa Meru. Alitaka, kwa mara moja tu, aseme yote. Badala yake akaupokea kwa mikono miwili, akaupenyeza katikati ya fimbo, akafunga zipu.

"Asante, baba," akasema. "Siku ile ulinisaidia sana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa kuridhika, kama mtu aliyekuwa akiingoja asante hiyo muda mrefu. Alisimama getini mpaka gari lilipokata kona. Kisha akaingia jikoni kuazima panga kwa Eunike, kwa kuwa mundu alikuwa na mmoja tu, na ng'ombe alikuwa bado hajala.